Jiwe na Hewa ya Mjini: Utangulizi

Mwaka 1880 mwanajiolojia wa Uskoti, Archibald Geikie, alichapisha makala juu ya makaburi ya mji wa Edinburgh. Alikuwa amezunguka kwenye viwanja vya makanisa akitazama mawe yaliyosimikwa makaburini, akilinganisha mwaka uliochongwa na hali ya jiwe lenyewe. Kwa njia hiyo alipata kitu ambacho maabara ya enzi zake isingeweza kumpa: jaribio la kuchakaa kwa mawe lililokuwa limekwisha kwenda miaka 50, 80, hata zaidi, na kila jiwe limeandikwa lilipoanza. Majibu yake yalikuwa mazito. Marumaru nyeupe, jiwe ambalo watu walililipia fedha nyingi ili jina la mpendwa wao lidumu, haikuwa ikimaliza karne moja katika hewa ya mji ule. Herufi zilififia, uso wa jiwe ukaanza kupukutika chembechembe, na mabamba mengine yakavimba katikati kisha yakapasuka.

Moja ya makaburi aliyoyataja ni la Joseph Black, mwanakemia aliyefariki mwaka 1799. Miaka 80 hivi baada ya kifo chake, maandishi ya kwenye bamba lake la marumaru yalikuwa tayari yanasomeka kwa taabu.

Nimeanza na Black kwa sababu kemia ya somo hili ni yake. Katika miaka ya 1750 alionyesha kwamba ndani ya mawe ya chokaa mna hewa iliyofungwa, na kwamba ukiyamwagia asidi, hewa ile inafunguka na kutoka. Leo tunaiita hewa ya ukaa. Alichokifanya mezani kwa chupa na mizani ndicho moshi wa makaa ya mawe ulichokifanya polepole juu ya bamba lake. Anayelielewa jaribio lile ameshafika mlangoni mwa elimu hii, na nia yangu katika kurasa hizi ni kumkaribisha ndani.

Jaribio lenyewe unaweza kulifanya leo. Okota kipande cha tumbawe ufukweni, au kama uko bara, omba kipande cha marumaru kwa fundi wa vigae. Kioshe, kikaushe, kamulia tone moja la ndimu, kisha tazama kwa lenzi. Kwanza tone linatulia tu. Baada ya muda mfupi vipovu vidogo vinaanza kupanda kutoka kwenye kingo za vitundu. Vingine vinang'ang'ania jiwe, vinakua, kisha vinaachia. Hiyo ndiyo hewa ya Black. Povu likikoma, suuza, kausha, utazame tena: pale palipokuwa na tone pamefifia, na kingo zilizokuwa kali zimelainika. Jiwe limepungua, na kilichotoka hakirudi.

Mvua yoyote, hata ile ya katikati ya bahari, ina asidi kidogo, maana matone yakishuka huchukua hewa ya ukaa iliyoko angani. Kipimo chake cha pH huwa karibu 5.6, ilhali maji yasiyoelemea upande wowote husimama kwenye 7. Kipimo hiki huwachanganya wanafunzi wapya: kila kinaposhuka kwa namba moja, asidi huongezeka mara 10. Kwa hiyo mvua ya 4.6 imepishana sana na ile ya 5.6, ingawa namba zenyewe zinaonekana kama majirani. Mwezi Aprili 1974, huko Pitlochry nchini Uskoti, ilipimwa mvua ya 2.4, ukali unaokaribia wa siki.

Asidi hiyo ya ziada inatokana hasa na salfa. Makaa ya mawe na mafuta mazito yana salfa ndani yake, na mawe mengi yanayochimbwa kwa ajili ya shaba yana salfa pia. Vikichomwa, hutoka gesi ya dioksidi ya salfa. Gesi hii ikikutana na oksijeni na unyevu hugeuka kuwa asidi ya salfuriki. Injini za magari na matanuri makali huongeza oksidi za naitrojeni, ambazo nazo huzaa asidi ya naitriki. Watu waliliona tatizo hili mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1661 Mwingereza John Evelyn alimwandikia mfalme kitabu kizima kulalamikia moshi wa London, akieleza kwamba unakula vyuma na mawe magumu. Robert Angus Smith, mkemia wa Manchester, alipima mvua ya mji wake na kuandika habari zake mwaka 1852. Miaka 20 baadaye akatoa kitabu kikubwa juu ya hewa na mvua, na humo akaonyesha jinsi asidi inavyozidi kadiri unavyosogea katikati ya mji wa viwanda.

Sasa tufike penye kiini. Asidi ya salfuriki ikigusa marumaru au jiwe la chokaa, sehemu ya jiwe hutoka kama hewa ya ukaa, lakini nyingine hubaki palepale ikiwa imegeuka kuwa jasi. Ni jasi ileile tunayoifahamu kwenye dari za nyumba zetu, na ileile inayochimbwa Makanya kwa ajili ya viwanda vya saruji. Mgeuko huu una madhara mawili ambayo kila mwanafunzi wa fani hii hana budi kuyashika. La kwanza, jasi huyeyuka. Lita moja ya maji inaweza kubeba zaidi ya gramu 2 za jasi, ilhali kwa marumaru, katika maji safi, haifiki hata sehemu ya mia ya kiasi hicho. La pili, jasi inahitaji nafasi. Chembe ya marumaru ikishageuka jasi hudai karibu mara mbili ya nafasi iliyokuwa nayo mwanzo, na pale inapoota ndani ya vitundu vya jiwe husukuma kila kilicho kando yake.

Ukishayajua hayo mawili, ukuta wa kanisa kuu la Ulaya unaanza kusomeka. Simama mbele ya sanamu ya mtakatifu iliyochongwa kwa jiwe la chokaa katika mji uliochoma makaa kwa karne mbili. Paji la uso, ncha ya pua, mabega na magoti ni meupe, kana kwamba mtu ameyasugua juzi. Chini ya kidevu, ndani ya mikunjo ya kanzu na nyuma ya masikio kuna weusi mzito. Mgeni hudhani kwamba sehemu nyeupe ndizo zilizosalimika na nyeusi ndizo zilizoharibika. Dario Camuffo wa Padova nchini Italia, pamoja na wenzake, waliyaeleza maeneo haya kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na maelezo yao bado ndiyo ninayoanza nayo darasani. Pale mvua inapopiga na kutiririka, jasi huyeyuka mara tu inapozaliwa na kuondoka na maji; jiwe hubaki jeupe na huku linapungua kila masika. Pale mvua isipofika, jasi hukaa. Hukua kama fuwele nyembamba zenye ncha, na kati ya fuwele hizo hunaswa masizi na majivu ya viwandani, mpaka likajengeka ganda jeusi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mvua inayonyesha ni sehemu tu ya habari hii, na mara nyingi wala si sehemu kubwa. Katikati ya mji, karibu na mabomba ya moshi, gesi yenyewe hutua juu ya ukuta ulioloa umande au ukungu na kufanya kazi yake hata siku ambazo hakuna wingu. Mvua safi ikija baadaye husomba kilichokwisha kutayarishwa. Mtu anayepima mvua peke yake atakosa nusu ya ushahidi.

Ganda jeusi linastahili tulikalie kwa muda. Ukikata kipande chake na kukitazama kwa darubini, utaona tabaka. Juu kabisa ni masizi na vumbi. Chini yake jasi iliyojaa vijiduara vidogo sana, vingine laini kama kioo, vingine vyenye matundumatundu. Vile laini huwa vimetoka kwenye tanuri za makaa ya mawe, na vile vyenye matundu hutoka kwenye mafuta mazito. Ganda zima ni daftari la nishati iliyotumika mjini humo, na mtafiti mvumilivu anaweza kutambua ni lini mji ulihama kutoka makaa kwenda mafuta. Chini zaidi utaona jasi ikiingia kwenye nyufa kati ya chembe za jiwe, ikizitenganisha moja moja. Juu panaonekana pagumu, ndani jiwe limelegea. Siku ganda hilo linapobanduka huondoka na uso wa jiwe mzima, na kinachobaki chini ni unga. Upande mweupe hupungua kidogo kidogo. Upande mweusi hukaa miaka mingi bila badiliko la kuonekana, kisha hupoteza pua nzima au kidole kizima kwa mara moja.

Na hapa pana jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote katika fani hii. Jasi iliyo ndani ya ganda ilikuwa jiwe. Theodoros Skoulikidis, aliyekuwa profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Athens, alichunguza marumaru ya mahekalu ya Akropolis mjini humo na kuonyesha kwamba michoro midogo ya mchongaji, zile alama za mwisho za patasi, mara nyingi imehifadhiwa ndani ya tabaka la jasi lenyewe. Marumaru iliyokuwa pale imegeuka, lakini umbo limebaki. Anayekuja na brashi ya waya au mashine ya kupuliza mchanga akidhani anaondoa uchafu, anaondoa mkono wa mchongaji. Majengo mengi ya Ulaya yalisafishwa hivyo katika karne ya 20, na yakang'aa, na mengi hayatarudisha kilichopotea siku ile. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu waliofanya kazi hiyo waliyapenda majengo yao.

Mabinti wa Erechtheion, hekalu mojawapo la Akropolis, wanatufundisha njia nyingine. Ni nguzo sita zenye umbo la wanawake, zilizochongwa kwa marumaru ya mlima Penteli mwishoni mwa karne ya 5 kabla ya Kristo. Mmoja alichukuliwa na watu wa balozi wa Uingereza, Lord Elgin, mwanzoni mwa karne ya 19 na sasa yuko London. Watano waliobaki walikaa kwenye hewa ya Athens hadi mwaka 1979, walipoteremshwa na kupelekwa makumbusho, na nakala zikawekwa mahali pao. Nyuso zao, zilizokuwa zikielekea mvua, zimefutika sana. Misuko ya nywele mgongoni, iliyokuwa na kinga zaidi, bado inaonekana uzi kwa uzi. Kuanzia mwaka 2011 walisafishwa mbele ya macho ya wageni wa Makumbusho ya Akropolis kwa leza, mbinu iliyotengenezwa pamoja na wataalamu wa kisiwa cha Krete. Miale ya aina mbili hutumika kwa pamoja ili weusi uondoke bila kuliacha jiwe na rangi ya manjano, na fundi husimama anapolifikia tabaka la jasi lenye umbo. Kazi ya namna hii huenda polepole sana. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Mawe mengine nitayapitia haraka. Graniti na mawe ya volkeno hayana chokaa ya kuliwa, hivyo asidi huyasumbua kidogo. Mawe ya mchanga hutegemea kinachoshikanisha chembe zake: kama ni silika, yanavumilia, kama ni chokaa, asidi hula kile kinachoshika, na mchanga unamwagika wenyewe. Mfano unaorudiwa katika vitabu vingi ni sanamu ya kasri la Herten, katika eneo la viwanda la Ruhr nchini Ujerumani, iliyochongwa mwaka 1702 kwa jiwe la Baumberg. Picha ya mwaka 1908 inaonyesha mwanamke mwenye uso, vidole na mikunjo ya nguo. Picha ya mwishoni mwa miaka ya 1960 inaonyesha gogo la jiwe lisilo na uso. Miaka 200 ya kwanza ilimchubua. Miaka 60 ya moshi wa viwanda ikammaliza.

Tunapimaje upungufu ambao kwa mwaka haufiki unene wa ukucha? Kanisa kuu la St Paul's mjini London linatoa jibu zuri. Kwenye ukingo wake wa juu, uliojengwa kwa jiwe la Portland, mafundi wa karne ya 18 waliziba matundu ya kunyanyulia mawe kwa risasi, wakaisawazisha na uso wa jiwe. Asidi haikuiweza risasi. Jiwe likashuka, risasi ikabaki imechomoza, na leo mtafiti anapima tofauti ya kimo na kugawa kwa miaka. Mwaka 1980 watafiti waliongeza kifaa maalumu cha kupimia sehemu ndogo za milimita, kinachorudishwa kwenye misumari ileile ya chuma baada ya kila miaka 10. Katika miaka ya 1980 jiwe lilipungua kwa wastani wa milimita 0.045 kwa mwaka. Katika miaka ya 1990, baada ya mitambo ya umeme ya katikati ya mji kufungwa na dioksidi ya salfa kushuka sana, ilikuwa milimita 0.025. Angalia vizuri: gesi ilishuka kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko jiwe lilivyopata nafuu. Mvua ya kawaida bado inaliyeyusha, na salfa iliyokwisha kuingia kwenye vitundu haikuondoka na moshi.

Nataka sasa nikupe tahadhari, kwa kuwa shauku ya mwanzo hutufanya tuone asidi kila mahali. Huko Agra, India, hofu juu ya Taj Mahal iliongezeka baada ya kujengwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Mathura. Mwanasheria M. C. Mehta alifungua shauri mwaka 1984, na tarehe 30 Desemba 1996 Mahakama ya Juu ya India iliagiza viwanda 292 vihamie gesi asilia au viondoke. Naiona hukumu hiyo kuwa mojawapo ya kubwa zaidi katika historia ya uhifadhi. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba umanjano unaoonekana kwenye kuta zile unasababishwa hasa na vumbi na chembe za kaboni, zikiwemo zinazotokana na kuchoma takataka na mabaki ya mimea. Dawa ya salfa haitibu masizi. Akropolis nako, nyufa kubwa za hekalu la Parthenon zilitokana na vyuma vilivyotiwa ndani ya marumaru na warekebishaji wa mwanzoni mwa karne ya 20. Vyuma vilishika kutu, vikavimba, vikapasua jiwe.

Kwetu pwani tahadhari hii ina uzito wake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nyumba za Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Ngome ya Yesu: vyote ni matumbawe na chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe, yaani ni jiwe lilelile linalotoa povu chini ya tone la ndimu. Kwa kemia hakuna jengo lililo hatarini zaidi. Lakini anayechunguza kuta za majengo haya atakuta kwanza chumvi ya bahari inayokauka na kuota ndani ya jiwe, unyevu unaopanda kutoka ardhini, mizizi iliyoingia kwenye nyufa, na lipu ya saruji iliyopakwa kwa nia njema juu ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa. Kumwekea mgonjwa huyu jina la mvua ya asidi ni kumpa dawa ya ugonjwa mwingine. Chumvi nazo huzaa jasi, kwa sababu maji ya bahari yana salfa, na kwa hiyo hata jasi ikionekana kwenye sampuli, bado haijathibitisha kwamba moshi umehusika. Ni lazima utafute vile vijiduara.

Asidi yenyewe ipo kwenye eneo letu, ila imekaa mahali pengine. Nyiragongo na Nyamulagira, karibu na Goma, ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya dioksidi ya salfa vya asili duniani. Upepo huipeleka magharibi, na huko mvua ya asidi huunguza majani ya mazao na kuozesha mabati mapema, na pia huharibu maji ya kunywa yanayokingwa kwenye mapaa. Mawe ya lava yaliyojengewa kuta yanasimama vilevile, kwa sababu hayana chokaa. Lubumbashi, miongo mingi ya kuyeyusha shaba iliacha upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda ardhi iliyopoteza miombo yake, kwa salfa na kwa madini yaliyotua na moshi. Mwanafunzi wa Goma au wa Lubumbashi ana maabara ambayo mwenzake wa Oxford hawezi kuipata.

Fani hii imebadilika tangu salfa ianze kupungua Ulaya. Makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1979 juu ya uchafuzi unaovuka mipaka, pamoja na sheria zilizofuata, yalifanya kazi. Hilo ni jambo la kufurahia waziwazi. Sasa kuta zilizokuwa nyeusi zinageuka manjano kwa moshi wa magari, na kuvumwani, iliyofukuzwa na salfa kwa zaidi ya karne, inarudi juu ya mawe na kuleta maswali yake: je, inalikinga jiwe au inalitafuna? Majibu hutofautiana jiwe kwa jiwe, na mjadala wake ni mtamu.

Kama ungependa kuanza, chagua ukuta mmoja wa zamani ulio karibu nawe. Tafuta upande unaopigwa na mvua za kusi na upande uliofichwa na baraza. Piga picha za pande zote mbili kutoka mahali utakapoweza kusimama tena, weka rula kando ya jiwe ili vipimo vionekane, andika tarehe na upande ukuta unaotazama. Usikwangue kitu. Rudi mwakani baada ya masika, mahali palepale, upige tena.